Gitaa hili ni la mwaka gani? Farrokh wa Shangani, gitaa la Feltham na nakala zake

Leo ni gitaa. Siyo upigaji wake, hilo nawaachia wenyewe. Nazungumzia umri wake.

Kila aliyewahi kupita Shangani akiwa na mgeni anaijua tabia moja ya Mji Mkongwe. Kitu chochote cha zamani chenye uhusiano na muziki, hata uhusiano wa kuungaunga, kitatafutiwa njia mpaka kifike kwa Freddie Mercury. Nyumba aliyokaa ni hii. Hapana, ni ile kule kona. Kwa miaka mingi watalii wameonyeshwa nyumba zaidi ya moja, na kila moja ina mtu wa kuiapia. Sasa jamani, ikiwa nyumba, isiyo na miguu, imetusumbua kuitambua, gitaa linalobebwa begani na kupanda boti la Dar itakuwaje?

Tuseme umeletewa gitaa la umeme. Jekundu la mbao, linaelekea kahawia. Lina pembe mbili fupi, na chini ya nyuzi kuna swichi sita ndogo zilizopangwa mistari miwili. Mwenye nalo anakwambia mambo manne kwa pumzi moja: ni la zamani, yalitengenezwa machache sana, ni la Queen, na liliachwa na familia ya Freddie walipoondoka. Bei anayotaja ni ya kiwanja Fuoni.

Mambo hayo manne yote yanapimika, na huhitaji kuwa mpiga gitaa kuyapima. Naanza na la mwisho, kwa sababu ndilo linaloanguka upesi zaidi.

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Mama yake ni Jer. Walikuwa Waparsi, wenye asili ya Gujarati. Mtoto alipelekwa shule ya bweni India, St Peter's ya Panchgani, na huko ndiko alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi iliyoitwa The Hectics. Alirudi Unguja mwaka 1963. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na mwaka huohuo familia ikaondoka kwenda Uingereza. Walifikia Feltham, kitongoji cha magharibi ya London kilicho karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Queen ilianzishwa mwaka 1970. Jina la Mercury nalo ni la huko huko, na la wakati huo huo.

Kwa hiyo chombo chochote chenye uhusiano na Queen hakiwezi kuwa "kiliachwa" Unguja na familia ya Bulsara. Walipoondoka hapakuwa na Queen, na palikuwa na kijana wa miaka 17. Hoja hii haihitaji bisibisi wala darubini, inahitaji kalenda. Lakini nashangaa ni watu wangapi hawaifiki, labda kwa sababu mwaka 1964 kwetu umebeba mambo mazito kiasi kwamba hakuna anayeutumia kupimia umri wa gitaa.

Na hapa ndipo inapokuja sehemu inayonifurahisha mno. Mwaka huohuo wa 1964, katika kitongoji hichohicho cha Feltham, gitaa lenyewe, lile la asili, lilikuwa linamaliziwa kutengenezwa. Brian May, aliyezaliwa Julai 1947, alikuwa akikaa na wazazi wake mitaa michache tu kutoka mahali ilipohamia familia ya Bulsara. Brian mwenyewe amesimulia jambo hili mara nyingi: wawili hao waliishi jirani bila kujuana. Walikuja kukutana miaka kadhaa baadaye kupitia Tim Staffell, aliyekuwa akiimba katika bendi ya Brian iliyoitwa Smile na akisoma chuo cha sanaa cha Ealing pamoja na Freddie. Yaani mtoto wa Shangani na gitaa ambalo lingekuja kupiga nyuma ya sauti yake waliingia Feltham takriban pamoja, mmoja kwa ndege na mwingine kwa msumeno.

Gitaa hilo linaitwa Red Special. Brian na baba yake Harold, aliyekuwa mhandisi wa elektroniki, walianza kulitengeneza Agosti 1963 kwa sababu hawakuwa na pesa ya kununua Fender au Gibson. Orodha ya vifaa vyake ukiisoma utadhani ni ya fundi wa Jang'ombe. Shingo ilichongwa kutoka mbao ya mahogani iliyotolewa kwenye fremu ya meko ya nyumba ya zamani. Mbao ilikuwa na matundu ya wadudu, wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Kiwiliwili kina mwaloni wa meza kuukuu, kimezungushiwa mbao za kubandika na kuvikwa ganda jembamba la mahogani. Alama nyeupe za shingoni, zinazomwonyesha mpigaji yuko wapi, ni lulumizi ya vifungo vya mama yake. Kile kifaa cha kutetemesha sauti, tremolo, kinaegemea kwenye ncha ya chuma kikali kama kisu na kurudishwa na springi mbili za valvu za pikipiki ya zamani ya Panther. Mkono wake ulitoka kwenye baiskeli, na kidude cha mwishoni ni kipande cha sindano ya kufumia.

Vitu vilivyonunuliwa dukani ni vichache. Muhimu zaidi ni pikapu tatu za Burns aina ya Tri-Sonic. (Pikapu hapa siyo gari la mizigo! Ni zile sumaku zilizozungushiwa waya, zilizo chini ya nyuzi, zinazogeuza mtikisiko kuwa umeme.) Kila pikapu ina swichi mbili, moja ya kuiwasha na nyingine ya kugeuza mwelekeo wa umeme wake, ndiyo maana swichi ni sita. Gharama yote inatajwa kuwa kama pauni 8.

Gitaa la aina hii lipo moja tu duniani, na mwenyewe hajaliuza. Kichwani halikuzaliwa na jina la kiwanda wala namba. Kwa hiyo ukiletewa gitaa jekundu lenye swichi sita, jambo la kwanza unalojua ni kwamba ni nakala. Neno hili lisikukatishe tamaa. Nakala zake zenyewe zina historia, na baadhi ni toleo la idadi maalumu ambalo wakusanyaji wanalitafuta. Kazi iliyobaki ni kujua ni nakala ya nani, na ya lini.

Nakala ya kwanza inayojulikana sana ilitengenezwa na fundi wa Kiingereza John Birch katika miaka ya 1970, kama gitaa la akiba. Hiyo ilikuwa na rangi ya mbao nyeupe-njano. Ndiyo unayoiona kwenye video ya "We Will Rock You" wakiwa wamesimama kwenye theluji, Januari 1978. Naitaja kwa sababu mtu anaweza kukuonyesha picha ya Brian na gitaa jeupe akasema "unaona, alikuwa na mengine ya rangi tofauti, na hili ni mojawapo." Lile la Birch lilivunjika jukwaani Marekani mwaka 1982 baada ya Brian kulitupa kwa hasira. Wajapani wa Greco nao walitoa nakala yao, BM-900, hata kabla kampuni yoyote kubwa ya Marekani haijapewa ruhusa.

Ruhusa ikaja mwaka 1984, na hapa ndipo hadithi ya "yalitengenezwa machache" inapopata ukweli. Kampuni ya Guild ilikuwa imeanzishwa New York mwaka 1952, na wakati huo ilikuwa na kiwanda Westerly, katika jimbo la Rhode Island. Ilitoa gitaa lililoitwa BHM1, yaani Brian Harold May. Hayakufika mbali, yalitengenezwa takriban 300 tu. Mwaka 1993 Guild hiyohiyo ikarudi tena na toleo jipya lenye jina la Brian May, safari hii ikipanga gitaa 1,000. Mwaka 1995 Guild ikanunuliwa na Fender, na mwaka 2001 kiwanda cha Westerly kikafungwa. Mwaka huohuo wa 2001 kampuni ya Burns, ile ile ya pikapu za asili, ikaanza kutoa nakala za bei nafuu zilizotengenezwa Korea, na baadaye Brian akaanzisha chapa yake mwenyewe. Nakala hizi za karne hii ndizo zilizosambaa. Ukikutana na gitaa la namna hii popote pale Afrika Mashariki, ningeweka dau langu kwenye hizo kabla sijaligusa.

Lakini dau siyo ushahidi. Tuligeuze.

Gitaa la Guild la 1984 na la 1993 yanafanana machoni, hasa kwenye picha ya simu. Tofauti iko kwenye vyuma. Lile la 1984 lilitoka kiwandani na pikapu za DiMarzio na tremolo ya Kahler. Lile la 1993 lilitoka na pikapu za Seymour Duncan, na tremolo yake ni ya aina nyingine. Sasa msomaji makini ataniuliza: si vyuma vinabadilishwa? Vinabadilishwa, na sana. Ila kubadilisha tremolo ni kama kubadilisha kitasa cha mlango: kitasa kipya hakikai kwenye tundu la zamani. Fundi anachonga, anaziba, anapaka. Ukifungua skrubu ukakuta matundu yasiyo na kazi, mbao iliyojazwa, au rangi ya chini ya chuma isiyolingana na ya pembeni, hapo kuna kilichotolewa na kilichowekwa.

Kisha unafungua mfuniko wa nyuma na kuangalia ndani. Hapo ndipo penye utamu. Chini ya kitufe cha sauti kuna kile kidude cha duara ambacho mafundi redio wa Darajani wanakiita voliumu. Vile vya Marekani vina namba zilizogongwa kwenye chuma. Tarakimu tatu za kwanza ni za mtengenezaji: 137 ni kampuni ya CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka, halafu wiki. Kwa mfano 1378423 inasomeka hivi: CTS, mwaka 1984, wiki ya 23, yaani mwanzoni mwa Juni. Kwenye vya miaka ya 1950 mwaka una tarakimu moja tu, kwa hiyo namba nzima ni sita. Mpango huu haukuwekwa kwa ajili ya gitaa. Ni utaratibu wa viwanda vya elektroniki vya Marekani, na utaukuta hata kwenye redio na vipaza sauti vya zamani. Wale waliogonga hizo namba hawakuwa na sababu ya kumdanganya mnunuzi wa mwaka 2020 na kitu, na ndiyo maana naziamini kuliko maneno.

Lakini zisome kwa akili. Namba ya voliumu haisemi gitaa lilitengenezwa lini. Inasema gitaa halikumaliziwa kabla ya wiki ile. Mfano maarufu ni Fender wenyewe: mwaka 1966 walijikuta na shehena kubwa mno ya voliumu, wakaendelea kuzitumia mpaka mwisho wa muongo. Ukikuta namba ya wiki ya 11 ya 1966 ndani ya Stratocaster ukasema "ni ya Machi 1966," unaweza kuwa umeiongezea umri wa miaka mitatu. Na kama fundi alibadilisha voliumu moja mwaka 1990, namba yake itakwambia habari za fundi, siyo za gitaa. Ndiyo maana unaangalia pia risasi ya kulehemu: ile ya kiwandani inang'aa kwa utulivu na haijarudiwa, ile ya mtaani ina mabonge.

Shingo nayo inasema. Fender kwa miaka mingi waliandika tarehe kwa penseli au muhuri kwenye kisigino cha shingo, mahali inapoingia kwenye kiwiliwili. Huioni mpaka ufungue skrubu. Na hapo pia kuna mtego, kwa sababu shingo ya Fender inafungwa kwa skrubu na inaweza kuhamia kwenye mwili mwingine mchana mmoja. Gitaa lenye shingo ya 1972 na mwili wa 1978 lina miaka miwili ya kuzaliwa. Halafu kuna namba ya mfululizo iliyogongwa kwenye bamba la nyuma, na bamba nalo linatoka kwa skrubu nne... Mnaona wenyewe.

Hapa Mji Mkongwe tunaijua shida hii kwa jina lingine: milango. Mlango wa kuchongwa wa Unguja unaweza kuwa na tarehe ya Hijria kwenye nakshi ya juu. Ukikuta 1300, unajua mwaka ulianza Novemba 1882, kwa hiyo ni mlango wa wakati Sayyid Barghash akijenga Beit al-Ajaib, iliyokamilika mwaka 1883. Hata bila tarehe, umbo linasaidia: milango ya zamani zaidi ina sehemu ya juu iliyonyooka, na ile yenye upinde ilienea mwishoni mwa karne ya 19 kwa athari ya mafundi wa Kihindi. Lakini tarehe ni ya mlango, siyo ya nyumba. Milango imeng'olewa, imeuzwa, imefungwa kwingine, na mara nyingine mfaa ni wa mlango huu na miimo ni ya ule. Mwongoza watalii anayesema "nyumba hii ni ya 1883, si mnaona mlango?" na muuza gitaa anayesema "gitaa hili ni la 1972, si unaona shingo?" wamesoma darasa moja.

Kuna kitu kingine ambacho vitabu vya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani havikisemi, kwa sababu wao hawakai Unguja. Wanafundisha kutazama uchakavu: vyuma vilivyopauka, kutu, rangi iliyopasuka nyufa nyembamba, mbao iliyolika. Kwao uchakavu ni saa. Kwetu saa hiyo inakimbia! Chumvi ya bahari na unyevu wa masika vinakula chuma cha gitaa kama vinavyokula baiskeli. Skrubu zinavimba kutu, vyuma vya shingoni vinaota ukijani, pamba ya ndani ya kasha inaota ukungu na kunuka kama kabati la bibi. Gitaa la mwaka 2001 lililokaa dirishani Forodhani litaonekana mzee kuliko la 1964 lililokaa kabatini London. Kwa hiyo mtu akikwambia "angalia lilivyochakaa," mjibu kwamba hilo linaonyesha lilikaa wapi. Halionyeshi limekaa muda gani.

Na neno "toleo maalumu" lenyewe tulipunguzie ukubwa. Mwaka 1979 Fender walitoa Stratocaster ya kuadhimisha miaka 25 tangu gitaa hilo lianze kuuzwa mwaka 1954. Ina neno ANNIVERSARY kwenye pembe ya juu na namba inayoanza na 25. Za kwanza zilipakwa rangi nyeupe ya lulu iliyoanza kupasuka, kampuni ikahamia rangi ya fedha. Ni toleo maalumu, hakuna ubishi. Lakini zilitengenezwa takriban 10,000! Ukilinganisha na BHM1 takriban 300 za Guild, utaona kwamba maneno mawili yaleyale yanaweza kufunika vitu viwili tofauti kabisa. Kwa maoni yangu ile nyeupe iliyopasuka rangi ina thamani ya kihistoria kuliko ya fedha, maana ule ufa wenyewe ni cheti chake. Mtu akiipaka rangi upya ili ipendeze amefuta alichokuwa nacho.

Tuje kwenye hela, maana hatimaye ndiko mambo haya yanakoishia. Septemba 2023 mnada wa Sotheby's, London, uliuza vitu vya Freddie vilivyokuwa vimetunzwa na Mary Austin katika nyumba yake ya Garden Lodge. Piano yake ya Yamaha iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Mlango wa bustani, ule wa kijani ambao mashabiki waliuandika-andika ukutani pa nyumba baada ya kifo chake mwaka 1991, uliuzwa kwa zaidi ya pauni laki nne. Mlango! Mbao za mlango ule zisingefika hata robo ya mlango wa kawaida wa Malindi kwa uchongaji. Kilicholipiwa ni mnyororo usiokatika: ulikuwa wapi, wa nani, nani alikaa nao, tangu lini mpaka lini. Muuzaji wa Shangani anajua kwamba jina lina bei. Asichokijua, au asichotaka kukijua, ni kwamba bei imo kwenye mnyororo.

Kinachoniuma siyo mtalii kuuziwa gitaa la Korea kwa bei ya kiwanja. Mtalii atapona. Kinachoniuma ni kwamba uongo wa Freddie unafunika vyombo vya kweli. Visiwa hivi vina Ikhwani Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club ya mwaka 1958. Kando ya udi, kanuni na fidla, vyombo vya umeme navyo vimepita humu. Bara, NUTA Jazz ilianzishwa mwaka huohuo wa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa: gitaa lilikuwa mali ya mwajiri, siyo ya mpigaji. Maana yake ni kwamba gitaa la bendi namna ile liliagizwa, likalipiwa, likaandikwa mahali fulani na karani fulani. Hapo ndipo mnyororo wetu ulipo, kwenye madaftari ya vifaa na kwenye vyombo vyenyewe, siyo kwenye hadithi za kona ya barabara. Na vyombo vyenyewe vinaisha. Fundi anang'oa voliumu yenye namba ya 1967 na kuitupa, anaweka mpya ya Kariakoo, muziki unaendelea. Simlaumu, jukwaa haliwezi kungoja mwanahistoria. Ila ile voliumu aliyoitupa ilikuwa inajua kitu ambacho hakuna mtu aliye hai anayekijua.

Kama una chombo cha namna hiyo nyumbani, cha baba au cha babu aliyepiga kwenye bendi, usikisafishe kwanza. Usipake rangi. Piga picha mbele, nyuma, na kichwa pande zote mbili. Fungua mfuniko mchana penye mwanga, andika kila tarakimu unayoiona, hata usiyoielewa, na uandike imetoka kwenye kidude gani. Skrubu ziweke kwenye kikombe kwa mpangilio zilivyotoka. Shingo iache mpaka uwe na mtu anayejua, maana ikirudishwa vibaya gitaa halitakaa sawa tena. Kisha muulize mzee, kama bado yupo, swali moja tu: lilikuja lini na nani alililipia? Usimwulize kama Freddie aliwahi kulishika.

Na yule wa gitaa jekundu la swichi sita anayetaka bei ya kiwanja, sina ugomvi naye. Nakala za Korea zina sauti nzuri sana kwa pesa yake, na kijana wa chuo cha muziki angelifurahia. Nitalitazama bila malipo. Tunaanza na mfuniko wa nyuma. Bisibisi ninayo.